Mirathi ya Mtu Anayepumua

Nyamazeni wanangu, na wewe Najat acha kulia, sijafa bado, na huko kunililia kabla ya wakati ndiko kulikonifikisha hapa. Shekhe Hatibu nimemwita mwenyewe akae mlangoni asikie, kesho asije mtu akasema bi mkubwa alikuwa anaweweseka.

Mfunguo Mosi, Ramadhani imekwisha tu, nilipolazwa hospitali Tanga mjini, mlikaa kwenye baraza yangu, mkanywa kahawa yangu, mkagawana. Luqmani nyumba, Najat minazi ya barabarani, kama vile nimeshazikwa na arobaini imepita. Nani aliyewafundisha kumrithi mtu anayepumua? Mirathi inataka maiti, na maiti wenu huyu anasema. Nikarudi kwa miguu yangu, nikakuta chumbani kwangu kuna mpangaji, kijana wa bodaboda, na godoro langu limetupwa stoo hii ya uani, kwenye vifuu vya nazi na mifuko ya saruji. "Mama, huku kuna hewa," Luqmani ananiambia. Hewa ya nini, mimi nguo iliyofuliwa?

Nikaenda kwenye baraza la kata kudai haki yangu. Yule karani, mtoto wa juzi, shikamoo alinipa vizuri sana, kisha akamgeukia Luqmani: "Bibi anasemaje?" Na mimi nimekaa mbele yake, ulimi ninao. Luqmani naye akajibu, "Kichwa cha mama kimechoka, tumsamehe." Wakanisamehe. Wakasema serikali inawajali wazee, nirudi nyumbani nikapumzike. Nipumzike wapi, juu ya saruji? Haki za wazee nazisikia redioni kila siku, ila ukizifuata unaulizwa umekuja na nani.

Sasa sikieni. Nyumba hii niliijenga kwa kusuka makuti na kuuza nazi, marehemu baba yenu akiwa kwa mke mdogo kule Maramba, na hilo silisemi kwa kisirani, ndivyo ilivyokuwa. Nikifa, gawaneni kama dini inavyotaka, siwezi kumpunja mtu hata nikitaka. Lakini theluthi ni yangu kuusia, na mrithi hausiwi, muulizeni Shekhe. Basi theluthi yangu ni ile minazi ya kisimani, nampa jirani yangu Benedikta, Mbondei wa watu, anayekwenda kanisani kila Jumapili, maana ndiye aliyeniogesha humu stoo wakati binti yangu ananipigia simu kuniuliza nimekula nini. Usinikunjie uso, Luqmani. Uso huo ungeukunja siku mama yako alipolazwa kwenye vifuu.

Mnataka radhi, najua, ndiyo iliyowaleta mbio. Humu stoo siitoi, nirudisheni kwanza chumbani kwangu. Najat, kamwambie yule kijana atoe vitu vyake, na kodi yake mrudishieni, hana kosa. Luqmani, shika miguu. Shekhe, nipe mkono, usiniburute. Polepole... kizingiti hicho. Kitanda kigeuzeni, uso uelekee kibla... huko, ndiyo.

Haya. Nimewawia radhi, wote wawili, dunia na akhera. Mungu awape watoto watakaowauliza wenyewe... mnataka nini. Mkinizika, msinipambe kwa sifa. Mimi... nimechoka kusema.

Nani anafunga mlango? Uache. Mimi sijasema ufungwe.