Sema Ubaya Wake Kwanza

Ukungu wa Oktoba kwenye mabonde ya mashariki ya Kentucky hauna adabu. Unapanda barazani bila hodi, unaketi na watu, karibu umiminiwe na kahawa. Asubuhi ile ulikuwa umeimeza barabara, umeumeza mto, umeimeza hata pampu ya mafuta iliyo pale pale mbele ya duka la Bi Oma, ambaye huuza misumari, chakula cha kuku na bunduki chini ya paa moja. Dunia ilibaki benchi moja refu, lililonunuliwa kwenye kanisa lililofungwa, na birika la umeme ambalo Bi Oma hulijaza kahawa mara moja tu kwa siku. Likiisha limeisha, na kijiwe kinavunjika. Benchini alikuwepo Shemasi, ambaye ni shemasi kweli lakini kwa kupiga kamba hana mpinzani. Alikuwepo Kiazi, aliyepewa jina hilo alipokuwa mtoto mnene. Mwili umekonda siku nyingi, jina limekataa kukonda. Katikati yao aliketi Burchell Fugate, mgane, ambaye hakuwa amepata usingizi, na mapajani alikuwa na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo la jikoni.

— Fungua basi tuone, — akasema Kiazi. — Unatufichia kama mwali.

Burchell akalifungua taulo. Bastola. Akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, akavuta chuma cha juu nyuma, akaonyesha tundu tupu, kisha akampa Shemasi. Shemasi alikuwa ameona kwa macho yake yote mawili kwamba haina kitu, lakini naye akaivuta, akachungulia. Akampa Kiazi, na Kiazi naye akavuta, akachungulia. Watu wa bonde lile ndivyo walivyo. Hata wakipokezana bastola na malaika, watachungulia.

— Ala! — Kiazi akashtuka. — Huyu si ni mtalaka wangu? Shemasi, si ndiyo hii niliyokupa ukanipa msumeno wa mafuta?

— Ndiyo yenyewe. Na mimi nikampa Burchell, akanipa ndama.

— Ulimwambia ubaya wake?

Shemasi akaweka mkono kifuani, maana hapo ameguswa heshima. Kwenye bonde lile unaweza kumuuzia jirani kitu kibovu na kesho mkasali kiti kimoja, ilimradi uwe umeutaja ubaya wake kwa sauti kabla hamjashikana mikono. Usipoutaja, hata mbwa wako hatasalimiwa.

— Nilimwambia mbele ya mashahidi. Nilisema, Burchell, hii wakati mwingine inakwama.

— Ulisema "wakati mwingine", — Burchell akasema taratibu. — Hukusema wakati gani.

— Sasa ningejuaje, ndugu yangu? Mimi ni shemasi, si nabii.

Walicheka. Burchell alizisikia sauti zao kwa mbali, kama mtu aliyezamisha masikio majini. Tangu Jumatatu kila kitu kilikuwa kinamjia hivyo. Jumatatu daktari wa mifugo alikuwa amekuja kumtazama Dovie, farasi jike wa marehemu mkewe Lorene, akamfungua kinywa, akamsikiliza moyo, kisha akavua kofia. Meno yamekwisha, akasema. Theluji ikimkuta, ataanguka usiku mmoja na baridi itamla polepole mpaka asubuhi. Amalizwe kabla. Daktari alijitolea kuja na sindano, lakini Burchell akakataa, kwa sababu Lorene alipokuwa anaaga dunia alimwomba jambo moja: siku ya Dovie ikifika, asishikwe na mkono wa mgeni. Basi mkono ni wake Burchell, na alichokuwa anakitafuta asubuhi ile ni silaha ambayo haitamwaibisha.

— Nataka kuitoa hii, — akasema. — Nichukue isiyogoma. Bei ya mtu wa kawaida, na isigome.

— Kwa ajili ya Dovie? — Kiazi akauliza, sauti imeshuka.

— Kwa ajili ya Dovie.

Chini kule mto ulikuwa unasikika bila kuonekana. Lakini benchi la Bi Oma haliwezi kubeba kimya kwa muda mrefu, na Shemasi akawa wa kwanza kulihurumia.

— Mchagua jembe si mkulima, — akasema.

— Nani kataja jembe hapa? — Kiazi akamrukia. — Mtu anataka bastola, wewe unamletea kilimo!

— Namaanisha tatizo si bastola. Ni risasi. Mlikuwa mnailisha risasi za bei ya kutupa. Tumbo lolote litagoma.

— Mimi niliilisha za maana, ikagoma vilevile. Tatizo ni springi ya magazini. Nilipokuwa nayo, nikasema samaki mkunje angali mbichi, nikaikunja springi kwa koleo.

— Ukaikunja springi kwa koleo! — Shemasi akashika kichwa. — Halafu ukaniuzia! Huo ubaya mbona hukuutaja?

— Nilihesabu kuwa ni matengenezo.

— Mimi nami niliipaka dawa ya meno kooni, ili risasi ziteleze. Nikaisugua mpaka ikawa inanukia mnanaa. Ikapiga vizuri wiki nzima. Makopo juu ya uzio, pa, pa, pa, kama cherehani.

— Makopo hata mimi haikunigomea, — Kiazi akakubali. — Hata mara moja. Iligoma kwa yule nyoka wa kwenye kuni. Nimemwona, kaniona, nikavuta triga, kimya. Nikaacha kuni, nikaacha na kiatu.

— Mimi iligoma kwa mbweha. Yuko mlangoni pa banda, kuku mdomoni, ananitazama kama mgeni rasmi. Navuta, kimya. Akaondoka kwa miguu, hata hakukimbia.

Kiazi akaweka kikombe chini. Macho yalikuwa yamemtoka, na ukungu nyuma yake ulimfanya aonekane kama anayeanza kuota.

— Shemasi. Makopo, inapiga. Nyoka, haipigi. Mbweha, haipigi. Unaona?

— Naona nini?

— Haitaki kitu chenye damu. Bastola hii imeokoka!

— Acha zako.

— Wallahi... yaani, kweli kabisa, shemasi, samahani. Kumbuka ile siku niliyoiangusha mtoni nikivua samaki. Ilikaa chini ya maji mpaka nilipoipata kwa mguu. Kabla ya hapo ilikuwa inapiga chochote!

Shemasi alitaka kucheka, lakini jambo lilikuwa limeingia kwenye eneo lake. Akakuna kidevu.

— Ilizama yote?

— Yote, mpaka mpini.

— Basi ni ubatizo halali, — akasema kwa uzito. — Ingekuwa imenyunyiziwa tu, ningekuwa na mashaka. Lakini imezamishwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Unaona! Hayazoleki! — Kiazi akapiga benchi, ingawa hakuna kati yao aliyejua methali ile imefikaje pale.

Mlango wa duka ukalia kengele. Bi Oma akatoka, kitambaa cha manjano begani, na mkononi ameshika bastola nyingine.

— Mbatize na bunduki zangu za dirishani basi, — akasema. — Labda zitatembea zenyewe kwenda kwa wateja. Sogea, Kiazi.

Akaifungua silinda ya risasi, akaonyesha matundu sita matupu, akampa Burchell, na Burchell akachungulia. Ilikuwa ya zamani, rangi imechubuka ubavuni ilipokuwa ikisuguana na mkoba wa ngozi.

— Ilikuwa ya polisi wa mjini, — Bi Oma akaeleza. — Walibadilisha silaha zote, wakaziuza za zamani kwa mafungu. Polisi hubeba maisha yake yote na hapigi. Nje imezeeka, ndani ni mpya. Bei yake haifiki nusu ya hizo zinazong'aa, na hizo zinazong'aa huuziwa mtu wa kutaka kuonekana. Hii haina magazini, haina springi ya kukunjwa na Kiazi.

— Bi Oma!

— Nimesikia kila kitu, dirisha liko wazi. Ni silinda na kidole chako tu, Burchell. Ukivuta inalia. Risasi ikiwa mbovu, unavuta tena, silinda inakuletea nyingine. Ivute uone.

Burchell akaielekeza chini, kwenye ardhi nje ya baraza, akaivuta tupu. Ikalia ta, laini, safi. Akavuta tena. Ta. Haikusita hata kidogo. Burchell akashukuru, kisha akaona vibaya kwamba ameshukuru.

— Na hii yangu?

— Naichukua, nakupunguzia bei. Simuuzii mtu. Nitaivunja nitoe vipuri, na mwili ukatwe.

— Masikini, — akasema Kiazi. — Imeokoka halafu inakatwa.

Wakati huo taa mbili za njano zilijitokeza kwenye ukungu, gari la posta likasimama. Akashuka mwanamke kijana mwenye koti la mvua na kifungu cha barua za duka. Aliitwa Renita, alikuwa mgeni kwenye njia hiyo, ametokea wilaya nyingine, na bado alikuwa akisalimia kila mtu kwa jina lililoandikwa kwenye sanduku lake la barua. Bi Oma akamwashiria kwa kidevu ajimiminie kahawa, maana mapatano yakishaanza hayakatizwi.

— Haya, Burchell, — akasema, akanyoosha mkono. — Sema ubaya wake, tushikane.

Burchell akasimama. Aliona haya kusimama, lakini jambo lenyewe hakuweza kulisema akiwa amekaa.

— Iligoma mbele ya Dovie, — akasema. — Majira ya machipuo, mwaka juzi. Alianguka kwenye korongo chini ya malisho, miguu imenasa kwenye waya, analia, na farasi akilia, Bi Oma, sikuombei uje usikie. Nikajua mguu umevunjika. Nikamwekea bastola kichwani. Nikamwambia nisamehe. Nikavuta. Kimya. Nikaikwamua, nikavuta tena. Kimya. Na yeye macho wazi, ananitazama mimi, ananisubiri. Nilitupa bastola kwenye matope, nikakaa pale pale nikalia mpaka hawa wakaja na kamba. Hilo ndilo. Siku niliyokuwa na shida nayo, ilinitupa.

Kiazi akatazama viatu vyake. Shemasi akatikisa kichwa. Ubaya ulikuwa umesemwa, tena umesemwa vizuri, na mkono wa Bi Oma ulikuwa bado hewani.

— Samahani, wazee wangu, — akasema Renita, kikombe mdomoni. — Huyo farasi wa kwenye korongo... mguu ulikuwa umevunjika?

— Hapana, — Kiazi akajibu. — Ulikuwa umejipinda tu na waya. Tulimvuta, jioni alikuwa anakula.

— Sasa yuko wapi?

— Si ndiye huyu huyu Dovie tunayemzungumzia.

Renita alimtazama Kiazi, akamtazama Burchell, akaitazama bastola iliyolala juu ya taulo. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu kuelewa, kama mtu aliyeingia kanisani wimbo umefika katikati.

— Basi ubaya wake ni upi?

Shemasi alifungua mdomo, akautafuta msemo ndani ya kichwa chake, akakosa hata wa kukosea. Kiazi akageukia birika, akakibonyeza kibomba; kikakohoa, kikatoa matone meusi, kikanyamaza. Kwa kawaida hapo wangesimama wote, lakini siku hiyo hakuna aliyesimama.

Burchell hakuwasikia tena. Alikuwa ameliona akilini dirisha la nyumbani kwake. Mwaka juzi Lorene alikuwa bado hai. Aliugua majira ya joto yale yale, kitanda kikahamishiwa sebuleni, na kila asubuhi Dovie alipanda kutoka malishoni akaingiza kichwa chote dirishani, pua ikiwa imelowa umande, na Lorene akamshika masikio na kumsimulia ndoto alizoota. Kuna siku ambazo Lorene hakuzungumza na mtu mwingine. Burchell alikuwa akisimama mlangoni na uji wake mkononi, anasubiri wamalize. Asubuhi ngapi zile, mpaka vuli, mpaka mwisho. Alikuwa amezihesabu kuwa rehema ya Mungu, na bastola akaihesabu kuwa laana, na katika miaka miwili hakuwahi kuviweka vitu hivyo viwili kwenye meza moja. Alijisikia mjinga, na alijisikia kupendwa, na hakujua kipi kinazidi kingine.

— Sijui, mwanangu, — akamwambia Renita mwishowe. — Sijui ubaya wake.

Mkono wa Bi Oma ukashuka polepole. Mapatano bila ubaya kutajwa hakuwahi kuyafanya, wala baba yake kabla yake.

— Tuache basi, — akasema kwa upole. — Uje siku nyingine.

— Hapana. Theluji haisubiri siku nyingine.

Burchell akaichukua ile ya polisi. Akaifungua silinda, akachungulia matundu yote sita ingawa alikuwa ameshayaona, akaifunga. Ilikuwa nzito na nzuri. Safari hii hapangekuwa na bastola ya kusita kwa niaba yake.

— Na hii je, Bi Oma? Nawe ni muuzaji. Sema ubaya wake.

Bi Oma alikuwa ameshaandaa jibu tangu alipotoka nalo dukani: haina ubaya, imechubuka rangi tu. Alimtazama Burchell, akaona macho yake, na jibu likamfia mdomoni.

— Ubaya wake, — akasema, — haigomi.

Burchell akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono, akaushika wa Bi Oma, akaushika kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.