Delfina na Picha Aliyokwenda Nayo Stesheni

Baba Paroko, ndugu na majirani mliopanda mpaka huku juu na theluji hii, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shangazi yetu, Delfina Garnero.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1919 hapa kijijini Borgata Chiot, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, akasoma hadi darasa la nne, enzi za mafashisti wa mashati meusi, na mwaka 1929 akaacha shule akafuge viwavi wa hariri, kazi aliyoilalamikia maisha yake yote.

Tarehe 10 Februari 1940 alifunga ndoa na Chiaffredo Arnaudo, na miezi minne baadaye nchi ikaingia vitani. Julai 1942 Chiaffredo alipelekwa vitani Urusi pamoja na wenzake wa kikosi cha askari wa milimani, na tarehe 21 Novemba akazaliwa binti yao wa pekee, Costanza, ambaye baba yake hakumwona.

Aprili 1943, wachache waliosalimika waliporudi, wanawake wa bonde hili walijipanga stesheni ya Saluzzo, kila mmoja na picha ya mtu wake, na Magno Peyrache, mmoja wa askari waliorudi, aliyekatwa vidole vya miguu kwa sababu ya baridi, akamwambia marehemu kwamba mwezi Machi alimwona Chiaffredo akitembea, mzima. Neno hilo ndilo alilolishikilia. Mwaka 1946 wanawake walipopiga kura kwa mara ya kwanza na mfalme akaenda zake, alisema mumewe atacheka akisikia, mwaka 1949 manispaa ilipomletea karatasi ya kukubali kwamba mume amefariki alikataa kutia sahihi, mwaka 1951 mchonga mawe mmoja, mtu mwema, alimposa akajibiwa kwamba nyumba ina mwenyewe, na mwaka 1954 wafungwa wa vita wa mwisho waliporudi kutoka Urusi alikaa stesheni siku tatu, hadi tukaenda kumchukua.

Mwaka 1993 ilifika orodha kutoka Moscow, ikisema Chiaffredo alifia katika kambi ya wafungwa tarehe 11 Februari 1943. Magno alikuja mwenyewe, akavua kofia, akakiri kwamba siku ile pale stesheni yeye alimpa kila mwanamke jibu lile lile.

“Lakini picha yangu uliitazama?” marehemu alimuuliza.

“Hapana, dada. Mlikuwa wengi, mnalia. Ningemwambia nani hapana?”

Marehemu alimpikia kahawa. Hakumtamkia neno baya hata siku moja, ila tangu hapo alianza kuzeeka.

Septemba 2000 alipooza upande wa kulia, akafariki tarehe 14 Januari 2001. Alituomba tumletee mifupa ya mumewe, tukaandika barua, tukapiga simu, tukaambiwa waliofia kule wamelala shimo moja mamia kwa mamia, tukashindwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokata kuni zake, na wenzake wa viwavi waliobaki wawili. Mzee Magno, uliyekaa kiti cha nyuma, ahsante kwa kuja, kukulaumu hatuwezi, na kukusamehe hakukuwa kazi yetu.

Shangazi, pumzika kwa amani, huna tena wa kumngoja.