Maji ya Mgongo wa Mzee Muthamia

— Elfu sitini na mbili! Tumechanga elfu sitini na mbili, mzee akatolewa maji ya mgongo, na bado jana ameonekana kwa steji ya matatu akiuliza njia ya kwenda kwake!

Aliyekuwa akipiga kelele ni Mbaka, fundi wa redio ambaye kijiweni wanamwita Stesheni kwa sababu hazimiki. Benchi lao liko Majengo, Meru, kati ya bucha ya Kobia na jiko la Alice anayeuza kahawa. Asubuhi hiyo Kobia aliyasikia maneno hayo kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Yeye ndiye aliyezunguka akikusanya mchango, mpaka Githongo, akimwambia kila mtu bila kona kona kwamba maji mabaya yakitolewa, akili ya Mzee Muthamia itarudi. Kumbe kile kilikuwa kipimo, si dawa.

— Ulisema atapona. Ulisema ama hukusema?

— Nilisema! Nilisema nikiwa sijui.

— Wewe kazi yako ni kupima nyama, na kipimo hukijui?

Mutwiri, muuza dawa za mifugo wanayemwita Daktari, aliweka kikombe chini.

— Shida ni hayo maji. Kumbukumbu hukaa kwa uti wa mgongo. Walifyonza, zikaenda Nairobi kwa chupa.

— Zote?

— Zingine tu. Ndiyo maana ya zamani anakumbuka, ya juzi yako maabara.

— Basi kuna tajiri amewekewa hizo kumbukumbu! Stesheni akadakia. Saa hii anaamka akiongea Kimeru, na Meru hajawahi kufika!

— Anadai mbuzi wa mahari ya dada ya Muthamia! Daktari akaongeza.

Hata Alice alicheka. Kobia hakucheka.

— Nyamazeni! Huo ujinga wote ni mimi nimeuanzisha.

Hapo ndipo alipofika Lydiah, binti wa mzee, mwalimu wa Ishiara aliyerudi nyumbani kumtunza babake. Akawasalimu. Stesheni hakungoja.

— Mwalimu, hebu tuambie. Tulilipia nini?

— Mlilipia kujua. Kuna protini moja imepungua kwa hayo maji, kwa sababu imegandia kwa ubongo. Nyingine imezidi, kwa sababu seli za ubongo zinakufa. Ni Alzaima, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Itaendelea, haraka ama polepole, hakuna daktari wa kuapa.

— Na dawa?

— Ya kurudisha akili, hakuna.

Kobia alifungua mdomo aombe msamaha wa ule mchango. Lydiah akamtangulia.

— Uncle Kobia, baba ananiuliza kila siku na sina jibu. Mbona siku hizi unafunga bucha jioni, na jioni ndiyo watu hununua nyama?

Jioni ndiyo mzee hushuka kuja kijiweni. Wakimwona kwa mbali, Stesheni hukumbuka ana kazi. Daktari huingia msikitini, na yeye ni Mmethodisti. Na Kobia, mtu wa kumwambia mwenzake ukweli machoni, hushusha pazia akakaa gizani na nyama zake, akisikiliza zile hatua mpaka zipite.

Masikio yalimwaka moto. Akatazama gambuti zake za mpira.

— Si ati... alianza.

— Pesa mlitoa, na asante, Lydiah alisema. Mchango mwingine bado. Bado anawajua nyinyi watatu kwa majina, na sijui ni mpaka lini. Leo jioni namleta. Pazia liwe juu, na mkae naye.