Uji Asioutolea Jasho

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu wa Singe na ninyi nyote mliosafiri, naitwa Sadock Mbwambo, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, mzee Herieli Mbwambo, jambo ninalolifanya nikilia kidogo na nikishukuru sana, na sababu mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Mbaga, wilayani Same, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita. Alianza darasa la kwanza mwaka 1960, akamaliza kidato cha nne mwaka 1971, akasomea kilimo na kupata cheti mwaka 1974, mwaka ambao alipangiwa kazi ya bwana shamba huku Babati, ambako hakumjua mtu hata mmoja, akatumikia hadi alipostaafu mwaka 2012, akiwafundisha wakulima wa Singe, Sigino na Nakwa kupanda mahindi na mbaazi kwa mistari, na baadhi yenu mliopo hapa mmewahi kung'olewa mahindi yenu na kuambiwa mpande upya.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Dorika, binti wa Sigino, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jesse mwaka 1981, Kindness mwaka 1984 na Hope mwaka 1990, pamoja na wajukuu saba.

Nyumba ya kaka ilikuwa na msemo mmoja, asiyefanya kazi asile, na hakuusema kwa mzaha. Nilipokuja kumtembelea mwaka 1986, hoi kwa safari, nilikabidhiwa jembe alfajiri, na chai niliiona baada ya kupalilia maharage, na hata mwombaji aliyebisha hodi alipewa ufagio kwanza ndipo akapewa sahani. Tulimcheka, tukamwogopa, na kusema kweli tulishiba, maana nyumba ile haikuwahi kupungukiwa.

Tarehe 9 Februari 2021 alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikakataa, akalazwa, na aliporudi nyumbani shemeji Dorika akampelekea uji, naye akafumba mdomo na kuusukuma kwa mkono wa kushoto. Daktari alikuwa ameshatuambia koo halina shida, na tulipombembeleza sana akatamka kwa ulimi mzito kwamba hajafanya kazi, na asiyefanya kazi hali, hata kama nyumba ni yake. Msemo ukamgeukia mwenyewe. Akawa anakubali maji tu, akakonda, Kindness akapiga magoti akilia, mchungaji akaja na Biblia, na kaka, mzee wa kanisa wa miaka mingi, akamjibu kwa Maandiko mpaka mchungaji akaaga. Niliogopa, ndugu zangu, kwamba ningesimama hapa kuwasomea kuwa kaka yangu alikufa kwa njaa katikati ya magunia ya mahindi, kwa sababu alijiona hana thamani tena.

Shemeji hakubembeleza. Alivuta kigoda, akamuuliza mwanadamu aliumbwa siku ya ngapi, na kaka, ambaye hakuwahi kuacha swali la Biblia limpite, akajibu ya sita, akaulizwa na ya saba ilikuwa ya nini, akajibu ya mapumziko.

“Basi, Baba Jesse,” shemeji akasema, “Adamu alipewa chakula siku ileile aliyoumbwa, na kesho yake akaamkia mapumziko. Mungu alishamwona ni mwema sana, na hajalima hata tuta moja. Alikula kwa kazi gani?”

Kaka alimtazama mkewe, machozi yakamtoka, kisha akafumbua mdomo, na baada ya kijiko cha kwanza akalalamika kwamba uji umepoa. Sijawahi kufurahia lawama kama ile.

Aliishi miaka minne zaidi, akiketi barazani na kusalimia wapita njia, na wakulima walikuja kumuuliza habari za mbaazi, lakini hata siku wasipokuja hakujiona bure. Na jambo hili shemeji ameniruhusu niliseme. Katika miaka yote ya ndoa yao kaka hakuwahi kumshukuru mtu kwa chakula, si kwa ubaya, bali alikiona ni ujira wake, na ujira haushukuriwi. Tangu siku ile alisema asante kwa kila kijiko, mpaka wajukuu wakawa wanamtania.

Mwezi Mei mwaka huu nguvu zilimpungua, na tarehe 3 Juni 2025 asubuhi, nyumbani kwake Singe, alikunywa uji kidogo, akasema asante, akalala, hakuamka tena. Tunaumia, lakini tumepumua, kwa maana kaka yangu amekufa ameshiba.

Kwa niaba yake tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba kila Jumapili mpaka kanisani, wenzake wa kilimo, na mchungaji, ambaye hakukata tamaa akarudi. Shemeji Dorika, wewe tunakushukuru tukijua kwamba asante kubwa umeshaipokea.

Kaka Herieli, pumzika kwa amani, keti mezani ule, na huko hakuna atakayekuuliza umelima nini.