Sufuria za Shughuli na Mizani ya Najma

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa mananasi, walimu, wageni mliotoka Miono na Mkange, na nyinyi kina mama mnaonong'ona kule nyuma, asalaam aleikum, na wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Nimeambiwa nimuage mjukuu wangu Najma kwa kuwa ndimi niliyemlea. Magoti yananiuma, kwa hiyo sitarudia neno.

Mnajua mizani ya kompyuta aliyotutengenezea ilivyotutesa. Asubuhi inapima vizuri, jua likipanda inakuwa nzito kujibu, adhuhuri inazima, na mananasi yanachemka kwenye matenga huku Mzee Khamis akinitukania mjukuu. Mwenyekiti akasema Najma haendi Dar kwenye kazi mpya mpaka mizani imalize siku nzima ya soko. Alisema haki.

Nikamuuliza, "We mtoto, hiyo mashine ina nini?"

"Bibi, kila mzigo naombea nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, napewa anwani yake. Ukija mzigo mwingine, naandika anwani mpya juu ya ile ya zamani. Nafasi ya kwanza sikuirudisha, na sasa sijui iko wapi. Zikipotea nyingi, kumbukumbu inajaa, mashine inazima."

Nilichoka. Hivi sisi kina mama sufuria za shughuli tunaazimanaje? Ukichukua ile kubwa ya pilau, Blandina, mtunza vyombo wetu, anajua iko nyumba gani mpaka irudi. Akipoteza ilipo, chama hakina sufuria, na harusi inayofuata tutapikia nini?

Akarekebisha. Kwa haraka zake, akawa anarudisha nafasi kabla hajamaliza kuisoma, nayo inapewa mzigo mwingine. Habiba kaleta tenga moja, kaandikiwa uzito wa lori la Khamis. Habiba alicheka, Khamis hakucheka. Nikamwambia, "Unarudisha sufuria pilau ingali ndani?" Ndipo alipotulia. Kila alipoomba nafasi akaandika na pa kuirudishia, risiti ikishatoka, kisha anaifuta ile anwani asije akaigusa tena.

Jana, siku ya soko, mizani ilipima mpaka lori la mwisho likaondoka. Nyinyi mlipiga makofi. Mimi nilikaa pale tangu asubuhi nikiomba izime, mtoto abaki. Haikuzima.

Basi nenda, Najma. Ila chumba chako usikitie kufuli ukaondoka na ufunguo. Niachie hapa, binti wa Blandina hana pa kulala. Ukija Idi utaomba, utapewa.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Nisogezeeni kiti.