Fundi Fikirini na Neno Kata

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tukuyu mjini, Kisondela, Kinyala, Masukulu na kote mnakotusikia, punguza moto wa jiko kidogo, sogea karibu na redio. Leo ni arobaini ya Fikirini Zuber. Fundi Fikirini. Fundi cherehani, na kocha wa watoto wa mpira wa kikapu. Leo hatulii sana. Leo tunamsimulia mtu aliyeshinda.

Kama uliwahi kushonesha sare ya shule Tukuyu, unamjua. Mfupi, kofia iliyodariziwa kwa mkono, futi ya kupimia shingoni. Hata uwanjani alikwenda na ile futi. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akafika Rungwe, akaona baridi, akasema ngoja nipumzike kidogo. Mpaka leo ukoo unapumzika.

Basi bwana, miaka sita iliyopita Fundi akaanzisha timu. Watoto wa miaka kumi na mbili, wavulana kwa wasichana. Hakuna kuchujwa. Ukija, unacheza. Wengine walishuka kwa miguu kutoka Kisondela, wengine walibanana kwenye bodaboda na mikungu ya ndizi.

Mwaka wa kwanza wakafungwa. Wa pili wakafungwa. Mechi moja ilikwisha arobaini na moja kwa sita. Narudia, arobaini na moja kwa sita! Tatizo lilikuwa nini? Fundi alikuwa anaangalia video kwenye simu, anachora mitindo ya wakubwa kwenye karatasi ya kukatia nguo. Namba moja aende huku, namba tatu amzibie namba tano. Watoto wanazunguka kama kuku waliofunguliwa asubuhi.

Mwenyekiti wa wazazi, mzee Jacob, akamfuata kibandani. Hakukaa hata kwenye benchi.

"Fundi, tunakuheshimu. Suruali zetu unazipatia. Lakini kuna kijana amerudi kutoka chuo, ana mitindo kumi na minne. Bonanza la mwezi wa sita ndiyo mwisho. Ukifungwa tena, timu tunampa yeye."

Fundi akafunga kibanda, akarudi nyumbani. Mkewe, Bi Mwanaamina, anasema usiku ule hakugusa ubwabwa. "Ile timu ilikuwa roho yake," anasema. "Nikamwambia, baba Najat, unawashonesha watoto suti, na pindo hawalijui. Waanzishe na pindo."

Waanzishe na pindo. Fundi akachana michoro yote.

Kesho yake akawapanga watano kwenye nusu duara, mbali na goli. Akasema mambo ni matatu tu. Pasi. Kata. Jaza. Ukishatoa pasi, usisimame kuitazama, kata, yaani kimbia moja kwa moja kuelekea goli. Mwenzako aliye jirani anajaza pale ulipotoka. Hujapata mpira? Toka nje, anza upya. Na hakuna kudunda mpira hovyo, maana Tukuyu sakafu hailali kavu, mpira unadunda mara mbili, ya tatu umekufa.

Sasa sikiliza hapa. Lukasi, kadogo, mjukuu wa bibi mmoja muuza ndizi, katoa pasi, kakasimama. Fundi akapiga kelele: "Kata!"

Lukasi akakaza mikono kama yuko mbele ya mtendaji. "Kisondela, mwalimu!"

Uwanja mzima chini! Mtoto kadhani anaulizwa kata anayotoka. Agness wa Kinyala alicheka mpaka akakaa. "We Lukasi, na kitongoji je? Taja na jina la balozi wa nyumba kumi!"

Lukasi akaanza kulia. Na Fundi, wasikilizaji wapendwa, hakucheka. Binti yake, Najat, alikuwepo, anasema alimwona baba yake amesimama ameshika ile futi shingoni, anafikiri.

"Rudia," akamwambia. "Toa pasi. Nikisema kata, unakimbia, na unajibu hivyo hivyo."

"Kata!"

"Kisondela!" Lukasi huyo, mbio. Na Agness, hata kabla hajageuza shingo, akajua nani anakwenda, na anakwenda wapi. Akautupa mpira kwenye sauti.

Tangu siku hiyo kila mtoto akikata anaita kwao. Lukasi, Kisondela. Agness, Kinyala. Erasto, yule mrefu, Masukulu. Wawili wa mjini, mmoja Bulyaga, mmoja Bagamoyo, ile ya hapa hapa Tukuyu. Mwezi mzima, mambo matatu. Pasi, kata, jaza. Wapita njia wakadhani ni mkutano wa kampeni.

Bonanza likafika. Wakashinda ya kwanza, watu wakasema bahati. Wakashinda ya pili, watu wakasogea karibu na mstari. Fainali, wakapewa timu ya kutoka Mbeya mjini. Watoto wana viatu vya kufanana, wanapitisha mpira katikati ya miguu. Mmoja akamwuliza Lukasi, "Oya dogo, umekuja kuokota mipira?"

Lukasi akamjibu, "Nimekuja kukuonyesha kwetu."

Mzee Jacob amekaa pembeni na yule kijana wa mitindo kumi na minne. Fundi anawaona. Akishindwa hapa, timu haina Fikirini.

Nusu ya pili, ukungu ukashuka. Mnaujua ule ukungu wetu. Ukiwa goli hili, lile la pili unaambiwa tu kwamba lipo. Manyunyu juu yake. Wale wa Mbeya wanadunda, mpira unateleza, wanaitana, "Uko wapi? Uko wapi?" Wa kwetu hawaulizi. Wa kwetu wanasikia. Kinyala! Bulyaga! Masukulu!

Zimebaki sekunde kumi. Kumi na tisa kwa kumi na nane, Mbeya wanaongoza. Agness ana mpira. Fundi kakauka sauti, akaitoa ile ya mwisho.

"Kataaa!"

"Masukulu!" Erasto huyo, na mabeki wawili nyuma yake, maana ni mrefu, wameshamjua. Njia ikabaki wazi. Na ndani ya ukungu kikatoka kisauti kama cha kifaranga.

"Kisondela!"

Agness hakutazama. Akatupa mpira kwenye sauti. Lukasi akaudaka chini ya goli, Lukasi ambaye hajawahi kufunga hata mazoezini. Akarusha. Ukagonga ubao. Ukazunguka ringi. Ukaingia!

Ishirini kwa kumi na tisa. Narudia, ishirini kwa kumi na tisa! Bibi yake Lukasi akaingia uwanjani na kapu la ndizi kichwani, anacheza, "Ndaga fijo, Fundi! Ndaga fijo!" Asante sana, Fundi.

Mzee Jacob akaja taratibu. "Sasa Fundi, ile mitindo kumi na minne tuipeleke wapi?"

Fundi akacheka. "Mwenyekiti, nguo moja ikikukaa, sanduku la nini?"

Timu ikabaki yake. Yake mpaka kifua kilipomwangusha, mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na nane.

Siku ya maziko, jeneza lilipotoka nyumbani, vijana wake wakaomba kubeba. Warefu sasa, Waislamu na Wakristo. Mnajua jeneza letu linavyokwenda, watu wanapokezana. Lakini hawa walikuwa na namna yao. Anayebeba akishampa mwenzie bega, hasimami, anakimbia mbele, na wa nyuma amekwisha jaza nafasi. Halikuyumba. Halikupunguza mwendo. Mpaka makaburini, kimya kimya.

Mjomba wa marehemu, aliyetoka Kilwa, akamshika Erasto mkono. "Mwanangu, nani kawafundisha kubeba hivi?"

Erasto akaonyesha jeneza. "Yeye mwenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Mwanaamina, kwa dada Najat, kwa ukoo wote hapa na Kilwa, poleni sana. Mungu amlaze Fundi mahali pema. Na sisi tuliobaki tujiulize. Ukishampa mwenzio, unasimama kujitazama, au unakimbia? Na jirani yako akitoka, pengo lake nani analijaza?

Fundi hayupo. Lakini jioni hii timu iko uwanjani, na anayeshika filimbi ni Agness. Nitaita kama alivyoita yeye. Wewe hapo ulipo, jikoni, shambani, kibandani, usione aibu, jibu kwa sauti jina la kwenu.

Kata!