Chama cha Turudi

Kabla sijaanza, maman wa protocole, wewe unayepanga watu, nakuomba uniwekee hii micro ya kusemea huku, ili wapendwa wote wakae upande wangu wa kuume. Sikio la kushoto halisikii. Mkisema Amina kutoka kule nitadhani mmeninunia. Bon, sasa ni vizuri. Mungu ashukuriwe kwa kila mmoja aliyetoka nyumbani na mvua hii.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo wengi wenu mlilisikia kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, kwa saluni na kwa maduka ya vitenge, na mlilisikia vibaya. Walisema kuna mwanamke aliyeua chama cha Wakristo. Mwanamke huyo ni mimi. Mwenye chama sitamtaja jina. Wanaojua wanajua, na wasiojua wasianze kumnong'oneza jirani, nawaona.

Mimi ni mutoto wa Lubumbashi. Niliolewa kule, nikamfuata mume wangu hapa Bruxelles, tukapata appartement mtaa wa Evere. Alikuwa muntu wa maombi, mwenye sauti nzuri, na suti zake nilizipiga pasi mimi. Chama kilizaliwa kwenye salon yetu, pale sebuleni. Kilikuwa kikundi cha maombi tu. Ijumaa moja akafunga Biblia, akasema nchi hii imemtupa Mungu, ndoa imekuwa mchezo, watoto wanafundishwa shuleni mambo ya aibu. Donc sisi tulioletewa Injili na Wabelgiji, sasa ni zamu yetu kuwaletea wao. Watu wakalia. Mimi pia nililia, tena kwa moyo wote. Yale maneno niliyaamini, na mengine nayaamini hata leo.

Basi kikundi kikawa chama cha siasa, kikahitaji neno fupi la kupiga kelele, akalipata yeye mwenyewe: Turudi. Turudi kwa Mungu, turudi kwa familia. Anapaza sauti, "Turudi!" na salle nzima, ukumbi wote, inajibu, "Nyumbani!" Hata wazee wa Kibelgiji waliojiunga nasi kutoka kanisa lao walijifunza. Walisema "Tourudi" kwa midomo iliyochongoka, nasi tukawapigia makofi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ninyi mnajua Kiswahili cha kanisani. Kurudi ni kwenda tena pale ulipotoka. Lakini mzazi naye anamrudi mutoto, yaani anamchapa ili anyooke. Neno ni lile lile. Kwenye salle, mume wangu alitumia maana ya kwanza. Ya pili aliitumia nyumbani.

Mara ya kwanza nilikuwa nimemkatiza maneno mbele ya wageni. Wageni walipoondoka alifunga mlango kwa funguo, akavua saa yake, akaiweka juu ya televisheni polepole kama muntu anayejiandaa kulala. Halafu akanipiga hadi mdomo ukapasuka. Nikiwa bado chini, akaniletea taulo yenye maji. Akasema kwa upole kabisa, "Hapana kukupiga, mama. Miye nakurudi tu."

Tangu siku ile, sikuogopa uso wake wala sauti yake. Niliogopa mkono wake wa kuume unapoanza kufungua ile saa.

Uchaguzi wa commune, yaani wa manispaa, ulifika. Tulitaka affiche ya familia, picha ya kampeni ya kubandika. Mungu hakutupa watoto, na hilo nalo lilikuwa kosa langu, alors tuliazima wawili wa jirani. Jicho langu la kushoto lilikuwa limevimba hadi limefunga. Mpiga picha alinitazama kidogo, akanigeuza uso, akasema, "Maman, utaonekana na heshima zaidi ukimwangalia papa." Ndiyo maana kwenye ile affiche namwangalia mume wangu kwa upendo mwingi hivyo. Mlidhani ni upendo. Ilibandikwa kila dirisha la mtaa wa Matonge, na mimi nikipita na mfuko wangu wa mboga ya pondu, najiona.

Tukapata kiti kimoja kwenye baraza la commune. Kimoja, lakini mngesikia kelele! Watu walianza kumwita Honorable. Chama kikapanda, wachungaji wakaleta waumini wao, salle ikajaa. Nawaambia ukweli, wakati ule alinipiga kidogo. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa likizo yangu.

Halafu chama kikaanza kushuka, na kila aliyetoka alitokea mgongoni mwangu. Wale wazee wa Kibelgiji walipoondoka wakisema mambo yanaamuliwa na muntu mmoja, alinivunjia kiti cha jikoni mgongoni, kile cha mbao. Mchungaji mmoja alipochukua watu wake na kwenda zake, alinishika nywele akanigonga kichwa kwenye frigo ya jikoni, mara moja, na tena, hadi mlango wa frigo ukabonyea. Mwisho alinichoma mkono na ile ile pasi ya suti zake. Alama ni hii, wanaokaa mbele wanaiona. Na kila mara, baada ya hapo, taulo ya maji na lile neno lake, nakurudi tu. Nilimchukia. Nilimpikia, nikamwombea, nikamchukia.

Kabla ya uchaguzi uliofuata aliita mkutano mkubwa Molenbeek, salle ya karibu na mfereji. Viti vilikuwa vingi na watu wachache. Akahubiri siasa, jasho likamtoka, akapiga kelele, "Turudi!" Waliojibu "Nyumbani!" walikuwa wachache hadi mwangwi ukasikika. Ndipo akanipa micro mimi. Mke wa Honorable aseme neno juu ya familia.

Ndugu zangu, sikuwa nimepanga kitu. Ningesema ya siku zote, kwamba mume ni kichwa, tupendane. Lakini neno lilikuwa bado linazunguka mle ndani, turudi, turudi, na mkono wangu ulioungua ulikuwa unaniwasha chini ya kitenge. Nikasikia sauti yangu inasema, "Papa anasema turudi nyumbani. Miye natoka huko. Niulizeni mimi namna wanarudi bantu kule."

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Nikapandisha mkono wa nguo. Nikafungua kilemba, nikawaonyesha mahali nywele zilipong'olewa. Kicheko kikakatika.

Nikageuka. Alikuwa anavua saa.

Mbele ya watu wote! Aliiweka juu ya meza, karibu na Biblia, akaja. Kofi la kwanza lilipasua hili sikio, nikasikia kitu kinalia kama birika, na hadi leo hakijanyamaza. Nikaanguka. Akanipiga mateke mbavuni na viatu ambavyo nilivipaka rangi asubuhi. Vijana wa protocole walikuja mbio, nikamshukuru Mungu, kumbe wanakuja kunikamata mimi. Mmoja wao akapiga kelele, "Mumutoshe inje! Iko na pepo!" Wakanivuta kwa miguu, na yeye anawafuata akinipiga, damu yangu inabaki sakafuni.

Sasa kuna maman mmoja, muuza chai na mandazi kwenye mikutano. Yuko hapa leo, anainamisha kichwa, usijifiche, maman. Alitoka nyuma ya meza yake na thermos kubwa ya chuma mkononi. Akampiga Honorable nayo usoni, pua ikavunjika, tukaisikia wote. Akasimama juu yangu, akasema, "Mutoto ya banani atamugusa tena? Njoo! Chai ingali moto!" Hakuja muntu.

Polisi walifika, ambulance ikafika. Pale kwenye lit, kitanda cha hospitali, nilijua kwamba ile nyumba nimetoka.

Msifikiri mambo yaliishia hapo na wimbo. Chama hakikupata kiti, na hasira yote ikaniangukia mimi. Nilitemewa mate kwenye tram. Jiwe lilipita dirishani kwa maman wa chai, ambaye alikuwa amenipokea, likatua mezani kwenye sahani. Kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Lubumbashi, "Weye umeua bwana yako kwa siasa. Rudi kwake." Neno lile tena, hata kwenye simu! Chama chenyewe kilikufa kidogo kidogo. Mikutano ikatoka salle ikaenda café, ikatoka café ikaenda salon ya muntu, mwisho akabaki yeye na micro.

Nawashukuru waliosimama pamoja nami. Maman wa chai, ambaye alihojiwa polisi kwa ile pua na hakujuta. Infirmière, yule muuguzi aliyenishika mkono hadi nikalala. Dada wa maison de repos, nyumba ya kutunza wazee kule Evere, walionipa kazi nikiwa bado na bandeji, na wazee ninaowaogesha, ambao wanapayuka kwa sababu nao hawasikii, tunaelewana sana.

Kwa ninyi mlioolewa, nina neno hili tu. Muntu akikuambia anakurudi, muulize anakurudisha wapi.

Na sasa, papa pasteur, uniwie radhi. Uliniita ukaniambia, "Maman, shuhudia, halafu mwishoni tutawaombea wote wawili mbele ya kanisa." Nilielewa. Na nilipoingia nilimwona, amekaa pale nyuma karibu na mlango. Watu wasigeuke. Amekonda. Nimesikia ametubu, na Mungu ampokee, Mungu ana nafasi kubwa kuliko mimi. Nimemsamehe hadi pale nilipoweza kufika, na hasira iliyobaki nalala nayo mwenyewe. Saa yake iko mkononi, nimeangalia.

Mwombeeni yeye huko huko alipo. Mniombee na mimi hapa hapa niliposimama. Msituite katikati, msituunganishe mikono, msiimbe ule wimbo wa arusi.

Sirudi, wapendwa. Wala sirudiwi.